Herufi zangu zinaruka kwenye simu, na mteja anataka kuinunua fonti yote

BARUA

Shikamooni wahariri wa safu hii.

Mimi ni binti wa miaka 25, niko Chikongola, Mtwara mjini. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari: tunachapa, tunatoa kopi, tunalaminisha vyeti, na mabango ya flex yakija ni mimi ninayeyapanga. Kabla ya hapo nilikuwa nachora vibao kwa brashi, vya saluni, vya mama lishe, na majina ya bajaji. Katika kazi yote hiyo, kilichonivutia siku zote ni herufi kuliko picha.

Tangu mwaka jana najifunza kutengeneza fonti. Nilichora herufi zote kwenye karatasi za A4 kwa kalamu nene, nikazipiga picha, nikazipitisha kwenye programu ya kuchorea ya Inkscape izigeuze kuwa mistari yenyewe, kisha nikazihamishia FontForge, programu ya kutengeneza fonti, na kutoa faili la TTF, yaani fonti yenyewe. Nikiandika kwa ukubwa wa bango, inapendeza. Ikishuka kuwa maandishi ya kawaida, balaa. Kwenye kompyuta ya dukani herufi zinaruka, moja juu moja chini. Herufi a na e zinaziba. Kwenye simu "ng'ombe" inasomeka kama maneno mawili. Na jambo la ajabu: nikibandika ujumbe uliotoka kwenye iPhone ya rafiki yangu, ile koma ya juu inakuja na sura ya fonti nyingine kabisa, ila nikiuandika mwenyewe kwenye simu yangu ya Android inatoka sawa.

Sasa kuna kijana wa Dar es Salaam anatengeneza aplikesheni ya wakulima wa korosho, ya kuangalia bei za minada na kilo walizopeleka ghalani. Aliona bango langu mtandaoni, akaipenda hiyo fonti. Ananipa shilingi 300,000, kwa sharti kwamba fonti "iwe yake moja kwa moja". Alama za @, %, & na mabano sikuzichora, nilizitoa kwenye fonti niliyoipakua bure. Je, hilo lina shida? Na nikubali hiyo laki tatu?

La mwisho: nyumbani wanasema hii si kazi, herufi zilishatengenezwa zamani. Mtu anaweza kuishi kwa kuchora fonti za simu akiwa Mtwara? Na ni lazima ninunue kompyuta ya Mac?

Mchora Vibao, Chikongola

JIBU

Marahaba, binti. Kijana wa Dar usimtumie faili bado, hata kama anapiga simu kila asubuhi. Sababu yake tutaifikia. Kwanza tuitibu fonti, maana bei ya kitu kibovu haina mjadala.

Umetueleza matatizo manne, na kila moja lina chanzo chake.

Kuruka kwa herufi kumetokana na ile njia ya kupiga picha na kuiachia programu ichore. Fungua herufi o ndani ya FontForge uhesabu nukta, zile zinazoshikilia umbo la herufi. O iliyochorwa vizuri ina nukta 8: nne za umbo la nje na nne za tundu la ndani, zimekaa juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa. Yako, kwa kuwa imetoka kwenye picha, itakuwa na makumi ya nukta, kila kinundu cha wino na kila uchafu wa karatasi umehesabiwa kuwa sehemu ya herufi. Kwa ukubwa wa bango vinundu hivyo vinaonekana kama ladha ya mkono. Kwenye maandishi madogo vinageuka kelele.

Kibaya zaidi, hakuna herufi mbili zinazokanyaga mstari mmoja. Tuseme n imekaa uniti 9 juu ya mstari (uniti ni kipimo kidogo cha ndani ya fonti), a imezama 14, e imeelea 20. Mkono wa binadamu ndivyo ulivyo. Lakini kompyuta inabidi ichague pikseli ipi iwake na ipi izimike, na kompyuta ya Windows yenye skrini ya kawaida huisogeza kingo ya herufi mpaka kwenye pikseli iliyo karibu. Hapo tofauti ndogo ya uniti chache inaweza kukuzwa kuwa pikseli nzima, na ndiko kuruka unakokuona.

Dawa ni kuchora upya. Usitupe karatasi zako: ziweke kwenye tabaka la nyuma la FontForge kama kivuli, kisha uchore juu yake kwa nukta chache. Weka nukta kwenye ncha za mikunjo tu, na mikono ya kila nukta hiyo (vile vijiti viwili vya kuupindia mstari) ilale mlalo kamili au isimame wima kamili. Ukisahau ncha, bonyeza Ctrl, Shift na X programu ikuongezee. Maumbo yanayopandiana unganisha kwa Ctrl, Shift na O. Kabla ya kutoa faili, chagua herufi zote ubonyeze Ctrl, Shift na D ili umbo la nje na la ndani yaelekee pande tofauti. Yakielekea upande mmoja, tundu la o hujaa rangi.

Kabla ya nukta ya kwanza, andika vipimo ubaoni na usivivunje. Kwa fonti ya skrini unaweza kuanza hivi, kwenye mraba wa uniti 1000 ambamo kila herufi hupimwa: herufi kubwa zifike 700, herufi ndogo kama n na x zifike 520, mikia ya g na y ishuke hadi 220 chini ya mstari, na vichwa vya k na l vifike 740. Mguu uliosimama uwe na unene wa 84, mstari uliolala 72. Usivilinganishe viwili hivi, jicho huona mstari uliolala kuwa mnene kuliko ulivyo, na wewe uliyeshika brashi unalijua hilo. Herufi za duara zivuke mstari kwa uniti 12 juu na 12 chini, zote kipimo kilekile. O isiyovuka huonekana ndogo kuliko n. Kama unashangaa mbona herufi ndogo tumezipa kimo kikubwa, angalia Roboto, ambayo Christian Robertson aliichora kwa ajili ya Android ikatoka mwaka 2011: herufi zake ndogo zina karibu asilimia 53 ya mraba. Kwenye skrini ndogo, herufi ndogo ndizo zinazobeba mzigo wote.

Twende kwenye a na e zinazoziba. Kama zingekuwa zimeziba hata kwa ukubwa wa bango, tungesema ni ule mwelekeo wa maumbo. Yako inaziba ikiwa ndogo tu, kwa hiyo tatizo ni unene wa kalamu. Piga hesabu. Maandishi ya pikseli 16 kwenye kompyuta ya kawaida yana maana kwamba uniti 1000 zimegawanywa kwa 16, yaani pikseli moja inabeba uniti 62.5. Herufi e ina mistari mitatu iliyolala. Kama kila mmoja una unene wa 110, kwenye kimo cha 520 zinabaki uniti 190 za uwazi, zigawe kwa matundu mawili: 95 kila moja, pikseli moja na nusu. Hapo hakuna jicho, kuna doa la kijivu. Punguza mistari hiyo iwe 72, uwazi unapanda hadi 152 kwa kila tundu, karibu pikseli mbili na nusu, na e inafunguka. Simu ina nafuu. Simu ya Android yenye nukta 320 kwa inchi huchora maandishi ya ukubwa 16 kwa pikseli 32, hivyo pikseli moja inabeba uniti 31 tu. Ndiyo maana fonti moja hukaa vizuri kwenye simu na kuharibika kwenye kompyuta ya dukani, nawe lazima uipime kote kuwili.

Hesabu hizi si mpya. Matthew Carter alipotengeneza Verdana kwa ajili ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1996, alianza kwa kupanga pikseli, na mistari ya herufi akaizungushia baadaye. Herufi kubwa I aliivisha vibawa juu na chini ili isifanane na l. Jaribu hilo kwenye fonti yako: andika I, l na 1 zikiwa jirani, kisha O na 0, kisha rn karibu na m. Mtu anayesoma namba ya kumbukumbu ya malipo hana muda wa kubahatisha.

Ile koma ya juu, sasa. Hapa kuna mambo mawili yaliyojificha kwenye alama moja. Kibodi nyingi za Android huandika koma iliyonyooka, yenye namba U+0027 kwenye Unicode, orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake. iPhone, na Word pia, huigeuza yenyewe kuwa koma iliyopinda, U+2019. Wewe umechora ya kwanza tu. Simu ikikuta U+2019 kwenye ujumbe na kuikosa kwenye fonti yako, inaiazima kwenye fonti nyingine iliyomo ndani ya simu. Ndiyo ile sura ngeni. Chora zote mbili, na uongeze ya tatu, U+02BC, ambayo hutumiwa na wataalamu wa lugha. Hiyo iwe nakala ya U+2019, usiichore upya.

Na "ng'ombe" kukatika vipande viwili ni suala la nafasi. Koma imekaa juu peke yake, chini yake ni patupu, halafu nawe umeipa nafasi ya pembeni kama ya herufi kamili. Ipunguzie pembeni hadi uniti 30 hivi kila upande, kisha urekebishe jozi: g na koma zisogezwe uniti 20, koma na o zisogezwe 40, koma na a 35. Jaribu kwa ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, king'ora, ming'oko. Fonti nyingi tunazozipakua hazikupimwa kwa jozi hizi hata siku moja, kwa sababu waliozitengeneza wanazipima kwa Kiingereza. Hapo una kitu cha kumwonyesha mteja yeyote wa Afrika Mashariki.

Kwa jumla nafasi kati ya herufi ndiyo nusu ya kazi, na wanaoanza huifanya mwishoni kwa haraka. Anza na n na o peke yake. Ipe n nafasi ya 78 kushoto na 72 kulia (kulia pana bega la mviringo, huhitaji kidogo), o ipewe 42 pande zote. Andika nnonoonn ukiikodolea macho kwa mbali mpaka usione mahali peusi wala peupe kuliko kwingine. Kisha ongeza a, k, w, u, m na i. Kwa herufi hizo nane tu unaweza kuandika maneno kamili ya Kiswahili: wanaokuona, mkononi, wakimuona, unakokwama. Kiswahili kimejaa a, na kina k, w na y kwa wingi usioonekana kwenye Kiingereza. Herufi hizi tatu zina mistari ya mshazari inayoacha mashimo, kwa hiyo w ipewe nafasi ndogo sana pembeni, uniti 10 hivi, na k upande wa kulia vivyo hivyo. Baada ya hapo tu ndipo ushike jozi mojamoja: kw, wa, ya, vy, na zile za herufi kubwa kama Ta, Tu, Wa, Ya, Vi. Mtu akianza na jozi kabla nafasi za msingi hazijakaa, atarekebisha jozi elfu moja na kesho atazirudia zote.

Kwa aplikesheni ya korosho tarakimu zina uzito kuliko herufi. Tarakimu zote kumi zipe upana mmoja, tuseme 560, hata 1 ambayo kiasili ni nyembamba. Ivishe mguu wa chini ili ijaze nafasi yake. Bila hivyo, safu ya bei haitapangika, elfu itakaa chini ya mia, na mkulima wa Newala atasoma 3,117 kama ndogo kuliko 980 kwa sababu imebanana. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Iandike yote kwa pikseli 14, umpe mtu mwingine aisome kwa sauti. Akikwama kwenye 6, 8 au 9, panua uwazi wa ndani wa tarakimu hizo. Chora pia ile alama yetu ya bei, 5,000/=. Mkwaju (/) unaegemea kulia na kuacha shimo kabla ya alama ya sawasawa; zisogeze kwa uniti 40, na alama ya sawasawa ipandishe ikae katikati ya kimo cha tarakimu.

Q na X hazimo kwenye alfabeti yetu, zichore hata hivyo: kuna majina ya watu na barua pepe. Nenda mbali kidogo. Wewe uko Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji na Kireno chake, kwa hiyo ã, õ, ç, á, é, ê na wenzake si anasa. Weka ŵ ya Kichewa, ĩ na ũ za Kikikuyu na Kikamba, na ŋ. Ile ŋ kubwa ina sura mbili, moja kama N yenye mkia na nyingine kama n iliyokuzwa. Lugha nyingi za Afrika hupendelea ya pili. Alama za juu usizichore kwenye kila herufi. Chora kila alama mara moja, ipe kituo cha kukalia, kisha uiunganishe na herufi. Ukishaziweka, angalia vimo vya fonti nzima: fonti hubeba seti tatu za namba za juu na chini, na zisipokubaliana, Ã na Ĩ hukatwa kichwa kwenye Windows wakati kwenye simu ni nzima. Kwa vipimo tulivyokupa, andika 950 juu na 250 chini kwenye seti zote tatu, nafasi ya ziada sifuri. Zaidi ya kumaliza ukataji, mistari itapata upumuo wa 1.2, yaani mstari hadi mstari ni mara 1.2 ya ukubwa wa maandishi, bila mtu kuigusa.

Hintingi, yaani maelekezo ya kuisaidia kompyuta ipange pikseli, usiifanye kwa mkono mwaka huu. Programu ya bure iitwayo ttfautohint inatosha. iPhone na Mac huyapuuza maelekezo hayo, Windows huyafuata. Lakini usiipitishe kwenye fonti iliyochorwa vibaya, itaimarisha makosa.

Upimaji: toa faili la WOFF2 pia (fonti iliyobanwa kwa ajili ya tovuti), tengeneza ukurasa mfupi wa HTML wenye aya ya Kiswahili kwa pikseli 12, 14, 16 na 24, pamoja na jedwali la bei, ufungue kwenye simu tatu za bei tofauti. Toka nje saa saba mchana, punguza mwanga wa skrini, usome. Mistari myembamba unayoiona nzuri dukani hufutika juani, na aplikesheni hii itasomewa juani, kwenye foleni ya chama cha msingi. Zile simu za vitochi achana nazo, fonti zake zimepachikwa kiwandani. Angalia na uzito wa faili: alama kama 220 zikibanwa kwa WOFF2 zisizidi kilobaiti 30. Likizidi sana, rudi ukahesabu nukta.

Mac si lazima. Programu ya Glyphs, inayopendwa na wengi kwenye kazi hii, hufanya kazi kwenye Mac peke yake na leseni yake ni kama euro 300. Isubiri ilipwe na kazi. FontForge ina sura mbaya na menyu za kuchosha, ila hufanya kila tulichokutajia, bila malipo, kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 4. Tafuta kipanya kizuri. Skrini ya zamani ya 1366 kwa 768 usiidharau, ndiyo inayokuonyesha makosa.

Kuhusu kuishi kwa kazi hii: nyumbani hawajui, lakini hawajakosea kabisa. Wateja wa fonti ndani ya Mtwara na Lindi ni wachache mno kukulisha. Wateja wako watakuja kwa mtandao, na fedha huja kwa njia nne zisizolingana. Ya kwanza ni kampuni au mtengeneza aplikesheni anayeagiza fonti yake. Ndiyo inayolipa, na ndiyo adimu. Ya pili ni kuuza leseni kwenye maduka ya fonti, ambako mwenye duka anaweza kubaki na nusu nzima. Kabla ya kujiunga soma analipaje, maana wengine hawatumi fedha kwa simu. Ya tatu haizungumzwi sana nasi tunaiona bora kwa mtu kama wewe: kazi za mikono kwa wachoraji wengine, kuwaongezea herufi za lugha za Afrika, kuwapangia nafasi na jozi, kuwakagulia faili kwa programu ya Fontbakery. Ya nne ni nembo na maandishi ya kuchorwa, ambayo tayari unayafanya. Usiache duka. Familia ya sura mbili tu, ya kawaida na nzito, kwa mtu anayejifunza jioni, ni kazi ya miezi sita hadi mwaka.

Shule zipo, kama Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza chenye shahada ya uzamili ya uchoraji wa fonti, na gharama zake unaweza kuzikisia. Karibu zaidi, Saki Mafundikwa alianzisha ZIVA, shule ya usanifu wa michoro, huko Harare mwaka 1999. Ila anayeajiri kwenye kazi hii hutaka kwanza kuona faili. Weka fonti moja ndogo mtandaoni chini ya leseni ya SIL Open Font License, inayomruhusu kila mtu kuitumia na kuibadilisha, pamoja na mafaili ya chanzo, watu waifungue wahesabu nukta zako. Google Fonts, maktaba ya fonti za bure, nayo hupokea fonti za leseni hiyo. Hiyo ya kutoa bure iwe nyingine, isiwe hii ya mteja.

Turudi kwa huyo kijana. Zile alama nne ulizozitoa kwenye fonti ya kupakuliwa ndizo sababu ya kukuzuia. "Bure" kwenye mtandao ina maana nyingi. Kama fonti hiyo iko chini ya SIL Open Font License, una haki ya kuchukua, lakini kazi yote iliyotokana nayo lazima ibaki chini ya leseni hiyohiyo, kila mtu aitumie. Huwezi tena kumuuzia mtu mmoja iwe yake. Kama ni ya "matumizi binafsi", huna haki ya kuiuza kabisa. Kwa hali ya sasa ungekuwa unauza kitu ambacho si chako chote. Zifute uzichore upya kwa vipimo vyako. Usizipitishe kalamu juu ya zilezile.

Na laki tatu kwa umiliki wote, kwetu ni hapana. Kwa fedha hiyohiyo mwandikie mkataba wa kurasa mbili: anapata leseni ya kuitumia fonti ndani ya aplikesheni yake na tovuti yake, sura moja ya kawaida, alama zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho, marekebisho mara mbili. Analipa 120,000 kabla hujaanza, 90,000 akishaona herufi ndogo na tarakimu, 90,000 siku ya kukabidhiwa TTF na WOFF2. Faili la chanzo la FontForge linabaki kwako, hakimiliki inabaki kwako. Akiogopa kwamba mshindani wake ataipata, mpe upekee wa miezi 12 kwenye aplikesheni za kilimo tu, kwa malipo ya ziada mtakayokubaliana. Akishikilia kuinunua moja kwa moja, basi kadiria miezi utakayoifanyia kazi, uizidishe kwa unachopata dukani kwa mwezi, na hapo ndipo mazungumzo yaanzie. Sura nzito haimo kwenye bei hii; iandike hivyo, maana wiki mbili baada ya kukabidhi atakuomba uinenepeshe "kidogo tu" kwa ajili ya vichwa vya habari, na kuinenepesha ni kuchora tarakimu na herufi zote upya kwa mguu wa 140. Ukiichora kwa nukta zilezile, idadi ileile na mpangilio uleule kama ya kawaida, baadaye utaweza kutoa faili moja lenye unene wowote kati ya hizo mbili. Hiyo ni bidhaa nyingine, nayo iandikiwe ankara yake.